Chokoleti ya Februari, deni la Machi

Kila mwaka kuna vijana wetu wanaokwenda Japani kusoma au kufanya kazi, na tangu 2014 wengi wamepitia ABE Initiative, mpango wa masomo kwa vijana wa Afrika unaosimamiwa na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Wanafika wakiwa wameshaambiwa mengi: kuvua viatu mlangoni, kuinama wakati wa kusalimia, kuwahi treni. Februari 14, Siku ya Wapendanao, ndiyo huwakuta hawana habari. Kijana anaingia ofisini au maabara asubuhi, anakuta juu ya meza yake kifuko kidogo kilichofungwa utepe, ndani mna chokoleti mbili au tatu. Aliyekiweka ni dada wa meza ya tatu, ambaye hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Moyo unamwenda mbio. Anatazama huku na huku, anaona kila mwanamume ana kifuko kama chake, hata mzee wa idara aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wanawake hawana kitu mezani.

Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi, ambako siku hiyo mwanamume ndiye anayehangaika na maua, mambo hapo yamegeuzwa. Akidhani ametongozwa, amekosea. Akidhani amepewa zawadi ya bure, amekosea zaidi, kwa sababu kuanzia dakika hiyo ana mwezi mmoja wa kuirudisha.

Chokoleti hiyo inaitwa giri-choko. Giri kwa Kijapani ni neno zito. Ni wajibu unaomfunga mtu kwa sababu ya mahali alipo katika maisha ya wenzake: kwa bosi wake, kwa jirani, kwa mwenzake wa kazi, kwa mtu aliyemfaa zamani. Halimuulizi kama anawapenda au hawapendi. Tamthilia za vikaragosi za Osaka za karne ya 18 zilijaa watu waliosagwa kati ya giri na ninjo, yaani kati ya wajibu na matakwa ya moyo, na walioshindwa kuyapatanisha hayo mawili mara nyingi waliishia kufa pamoja na wapenzi wao. Neno lilelile leo limebandikwa kwenye kifuko cha yeni mia chache.

Upande wa pili kuna honmei-choko. Honmei ni mlengwa hasa, na neno hili hutumika pia kwenye mbio za farasi kwa yule farasi ambaye wengi wanaamini atashinda. Hiyo hupewa mtu mmoja tu: mume, mchumba, au kijana ambaye bado hajui kwamba kuna mtu anamuwazia. Huwa kubwa zaidi, ya bei zaidi, imefungwa kwa uangalifu zaidi, lakini kinachoipa uzito kuliko vyote ni kutengenezwa kwa mkono. Kuanzia Januari maduka hujaza rafu zake chokoleti za kuyeyusha, vibati vya umbo la moyo, unga wa kakao, vifuko na tepe. Msichana haanzi na mbegu za kakao. Anayeyusha chokoleti ya dukani, anaichanganya na krimu, anaiacha igande kwenye jokofu, anaikata vipande na kuvinyunyizia unga wa kakao. Mara ya kwanza hukatika vibaya, naye hurudia. Mpokeaji anajua kwamba ametengewa usiku mzima, na hilo halinunuliki.

Shuleni, mahali pa kuiacha kwa siri ni kwenye kijisanduku cha viatu pale mlangoni, au ndani ya dawati. Shule nyingine zimepiga marufuku kuleta vitamu siku hiyo, na bado vinaletwa. Mvulana aliyefungua kijisanduku chake akakuta viatu peke yake, huikumbuka asubuhi hiyo kwa muda mrefu.

Kutoka Kobe hadi Shinjuku

Ukiuliza desturi hii imetoka wapi, hata Wajapani wenyewe watakwambia ni kampuni za chokoleti zilizoibuni ili ziuze. Ni kweli, lakini jibu hilo halituelezi kwa nini kampuni hizo zilipiga kelele miaka mingi bila kusikilizwa na mtu.

Tuanzie Kobe, mji wa bandari ulioishi na wageni wengi tangu karne ya 19. Mrusi mmoja, Fyodor Morozoff, aliikimbia nchi yake baada ya mapinduzi, akapitia Harbin, China, na Seattle, Marekani, na mwisho akafikia Kobe, ambako mwaka 1926 alifungua duka la vitamu. Mwaka 1931 kampuni yenye jina lake ilianzishwa kwa ubia na mfanyabiashara Mjapani, Kuzuno Tomotaro. Ubia huo ulivunjika vibaya. Familia ya Morozoff ilipoteza hata haki ya kufanya biashara kwa jina lake yenyewe, na jina likabaki kwa kampuni, ambayo ipo hadi leo. Mtoto wa mzee huyo, aliyefanya naye kazi na baadaye akafungua kiwanda chake cha chokoleti, aliitwa Valentine. Wapo wanaopenda kuamini kwamba jina lake ndilo lililozaa wazo zima. Mimi nadhani ni sadfa tu, ila ni sadfa nzuri mno kuiacha nje.

Februari 12, 1936, kampuni ya Morozoff ilitoa tangazo la chokoleti za Siku ya Wapendanao katika gazeti la The Japan Advertiser. Lilikuwa gazeti la Kiingereza, likisomwa na wageni waliokuwa wakiijua siku hiyo tangu kwao. Mjapani wa kawaida hakuliona, na kama aliliona halikumhusu. Kisha vita vikaja, sukari ikaadimika, kakao ikaacha kuingia nchini. Vita vilipokwisha, watoto wa mijini walikimbilia magari ya wanajeshi wa Kimarekani wakiomba chokoleti kwa Kiingereza cha maneno mawili matatu, na kwa kizazi kile ladha ya chokoleti ilikuwa ladha ya njaa iliyopoa kidogo. Wazo la kuitumia kumwambia mtu kwamba unampenda lilikuwa mbali sana.

Mwaka 1958 kampuni ya Mary's ya Tokyo ilijaribu tena. Iliweka meza ya mauzo ya Siku ya Wapendanao kwenye duka kubwa la Isetan, mtaa wa Shinjuku. Ziliuzwa chokoleti tatu za yeni 50 na kadi moja ya yeni 20. Jumla yeni 170. Mtu mwingine angekunja meza na kuondoka. Mwaka uliofuata Mary's walirudi na chokoleti zenye umbo la moyo ambazo mnunuzi angeweza kuandikiwa juu yake jina la anayetoa na la anayepewa, na wakawaeleza wanawake moja kwa moja kwamba hii ndiyo siku moja katika mwaka ambayo wao ndio waseme. Mwaka 1960 Morinaga, kampuni kubwa zaidi, ikaingia na matangazo ya magazetini. Mpaka leo kila mmoja ana hoja ya kuonyesha kwamba ndiye aliyeanza. Haina haja kuamua kesi hiyo, kwa sababu miaka yote ya sitini mauzo yalibaki madogo.

Desturi ilishika katikati ya miaka ya sabini, na walioishikisha walikuwa wanafunzi wa kike. Hapo ndipo ninapoona jambo lenyewe. Katika nusu ya pili ya miaka ya sitini, kwa mara ya kwanza, ndoa za Wajapani waliochaguana wenyewe zilizidi ndoa za omiai, zile ambazo wazazi, bosi au mshenga hukutanisha vijana kwa mpango. Ghafla kuna kizazi cha wasichana ambao wanatarajiwa kupata wenza wao wenyewe, katika jamii ambayo bado inamwona msichana anayemwambia mvulana “nakupenda” kuwa hana haya. Afanyeje? Alihitaji siku yenye ruhusa, na kitu cha kushika mkononi kinachosema badala ya mdomo. Kampuni zilikuwa zimekiweka kitu hicho dukani tangu zamani. Wasichana ndio waliokigeuza kuwa lugha.

Na kwa nini mtoaji awe mwanamke tu, wakati Ulaya na Marekani wote hupeana? Sababu moja ni hiyo ya ruhusa. Nyingine ni ya kibiashara kabisa: wateja wa maduka makubwa walikuwa wanawake, kwa hiyo matangazo yalizungumza nao. Mwanamume wa Kijapani wa miaka ile hakuwa mtu wa kuonekana amesimama kwenye foleni ya vitamu.

Chokoleti inapoingia ofisini

Mpaka hapo ni hadithi tamu ya vijana. Uchungu unaanza pale wasichana walewale walipomaliza shule na kuajiriwa. Ofisi za Japani za miaka ya themanini zilijaa wanawake vijana waliopewa kazi ya kuandaa chai, kupokea simu na kutoa nakala, huku wanaume wakipanda vyeo. Februari 14 ilipofika, ilionekana si adabu kumpa mmoja na kuwaacha wengine. Basi wakawapa wote. Giri-choko ikazaliwa, na kwa miaka michache tu ikawa kama kodi: wanawake wa idara walichanga fedha, mmoja akatumwa dukani, orodha ya wanaume ikapitiwa jina kwa jina asisahaulike mtu. Bosi apewe kubwa kidogo au sawa na wengine? Na yule ambaye hakuna anayempenda? Naye apewe, maana kumruka ni kumtangaza.

Nisingependa kuichora giri-choko kama dhuluma tupu, kwa sababu si hivyo. Wapo wanaoifurahia, kuna upole katika kumpa mtu kitu kidogo na kumwambia asante kwa mwaka mzima wa kufanya kazi pamoja, hasa katika ofisi ambayo watu hawazungumzi mambo ya moyoni. Ila upole ukishakuwa orodha, unalipwa kutoka mfukoni mwa wale wenye mshahara mdogo kwenda kwa wale wenye mshahara mkubwa. Hilo haliwezi kuitwa jambo dogo.

Sahani isiyorudi tupu

Hapa lazima tusimame kwenye neno okaeshi, kwa sababu bila hilo Machi 14, siku ya wanaume kurudisha, itaonekana kama kichekesho cha wauzaji. Okaeshi ni kile unachorudisha baada ya kupewa. Mjapani aliyepokea rambirambi za fedha msibani huwarudishia waliotoa zawadi, kwa kawaida yenye thamani karibu na nusu ya alichopewa. Harusini vilevile, mtoto akizaliwa vilevile. Katikati ya mwaka na mwisho wa mwaka watu hutumiana masanduku ya zawadi yanayoitwa chugen na seibo, kwa walimu, madaktari na wakubwa wa kazi. Zamani jirani akikuletea chakula ndani ya chombo chake, hukukirudisha kitupu. Uliweka ndani hata kiberiti au karatasi nyeupe. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo hapo. Sahani ya futari iliyotoka nyumba ya pili hurudi na kitu juu yake, hata kama ni tende tatu.

Sasa weka chokoleti ndani ya mfumo huo. Mamilioni ya wanaume wanapokea kila Februari na hawarudishi chochote. Katika nchi hiyo, hilo ni pengo linaloonekana kwa macho. Lilikuwa linasubiri tu mtu wa kuliziba.

Aliyeliziba alikuwa Ishimura Zengo, mwenye kampuni ya vitamu ya Ishimura Manseido mjini Fukuoka. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijulikana kwa kitamu kinachoitwa Tsuru no Ko, chenye umbo la yai: nje ni mashimalo, ile peremende nyeupe na laini kama pamba, na ndani kuna maharage matamu ya rangi ya kiini. Kilizaliwa kutokana na mabaki. Fukuoka kuna kitamu cha zamani cha nyuzi za kiini cha yai zilizochemshwa kwenye sukari, ufundi ulioletwa Japani na Wareno, na watengenezaji wake walibaki na ute mwingi wa mayai usio na kazi. Mwanzilishi wa kampuni akaupiga ute huo na kupata mashimalo.

Mwaka 1977 Ishimura Zengo alisoma katika gazeti la wanawake barua ya msomaji aliyelalamika kwamba wanaume wanapokea chokoleti na hawarudishi kitu. Wangeweza kutoa hata leso, hata pipi, hata mashimalo. Hata mashimalo! Mtengenezaji wa mashimalo alilichukua neno hilo kwa uzito. Aliwashirikisha wafanyakazi wake wa kike, wakatengeneza mashimalo yenye chokoleti ndani, na wazo likawa hili: chokoleti uliyonipa, naifunika kwa wema wangu na kukurudishia. Machi 14, 1978, mwezi mmoja kamili baada ya Siku ya Wapendanao, duka kubwa la Iwataya la Fukuoka lilifanya Siku ya Mashimalo ya kwanza.

Bila shaka jina hilo lilimfaa muuza mashimalo peke yake. Wauzaji wengine nao walitaka nafasi, na chama cha kitaifa cha watengeneza pipi kikaamua mwaka huohuo wa 1978 kuwe na Siku Nyeupe, ambayo ilifanyika kitaifa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Nyeupe kwa sababu ya sukari, na kwa sababu weupe ni rangi ya usafi wa moyo. Fujiya, kampuni nyingine ya zamani, nayo ina simulizi yake ya mauzo ya kurudisha fadhila kabla ya hapo, kwa hiyo hapa pia kuna zaidi ya baba mmoja. Lakini tazama kasi yake: siku ya Februari ilihitaji takriban miaka arubaini kuota mizizi, ya Machi haikuhitaji hata kumi. Februari ilikuwa ngeni. Machi ilikuwa deni, na deni Wajapani walikuwa wanalijua tayari.

Katika miaka ya themanini, uchumi ulipokuwa umefura, ilienea pia kauli ya kurudisha mara tatu: chokoleti ya yeni 500 irudi kama kitu cha yeni 1,500. Msisitizo huo umepoa, ila kauli bado inasikika, na wanaume hulalamika juu yake kila Machi. Ukikumbuka kwamba okaeshi ya kawaida ni nusu, utaona mara tatu ilikuwa na maana gani. Katika miaka ile ambayo mwanamke ofisini alikuwa na sauti ndogo, kulikuwa na haki ya aina yake katika kumfanya mwanamume alipe zaidi ya alichopokea.

Pipi inasema nini

Kama deni lingekuwa la thamani tu, mambo yangekuwa mepesi. Lakini kila kitamu cha Machi siku hizi kimepewa maana. Pipi ngumu inasema nakupenda, kwa kuwa hukaa mdomoni muda mrefu. Biskuti inasema tubaki marafiki. Macaron, vile vibiskuti laini vya Kifaransa, ni kwa mtu wa pekee. Na mashimalo, kwa masikitiko ya Fukuoka, yamekuja kumaanisha sikutaki, kwa hoja kwamba huyeyuka mdomoni mara moja na kupotea. Kile kitamu kilichoianzisha siku yenyewe sasa mtu anakiogopa dukani. Maana hizi ni za juzijuzi, zimekuzwa na wauzaji na mitandao, na mzee wa Kijapani anaweza asizijue kabisa. Vijana wanazijua, na ndio wanaopima.

Kuna kimoja ninachokipenda zaidi ya vyote: baumkuchen, keki ya Kijerumani inayookwa kwenye mti unaozungushwa juu ya moto, tabaka juu ya tabaka, hata ukiikata inaonekana kama pete za shina la mti. Hupewa harusini na Machi 14, kwa sababu tabaka zake ni miaka ya kuwa pamoja. Aliyeileta ni Karl Juchheim, mwoka keki wa Kijerumani aliyekamatwa Qingdao, China, katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kupelekwa Japani kama mfungwa. Machi 1919 aliiuza kwenye maonyesho ya kazi za wafungwa mjini Hiroshima. Baada ya tetemeko kubwa la 1923 alihamia Kobe, mji uleule wa Morozoff. Mkimbizi na mfungwa: vitamu vya mapenzi vya Japani vina watu kama hao nyuma yake.

Krismasi nayo, kwa kuwa Wakristo ni wachache sana nchini humo, imekuwa zaidi usiku wa wapenzi kuliko ibada, na kitamu chake ni keki nyeupe ya krimu na stroberi. Hiyo hainunuliwi kwa deni, huliwa pamoja na basi. Ila nayo ilizaa maneno ya kuumiza: miaka ya themanini mwanamke aliyefikisha miaka 25 bila kuolewa aliitwa keki ya Krismasi, kwamba baada ya tarehe 25 hakuna anayeitaka. Msemo huo umekufa kwa sababu wanawake waliacha kuolewa mapema, wala si kwa sababu waliousema waliona aibu.

Wakorea Kusini waliipokea Siku Nyeupe kutoka kwa majirani zao na wakaongeza ya kwao: Aprili 14, Siku Nyeusi, ambapo wasiopata kitu Februari wala Machi hula tambi zenye mchuzi mweusi.

“Tuache giri-choko”

Februari 1, 2018, gazeti la kibiashara la Nikkei lilitoka na tangazo la ukurasa mzima la Godiva, kampuni ya chokoleti za bei kubwa. Lilisema Japani iache giri-choko. Tangazo liliwaeleza wasomaji kwamba siku hii ni ya kusema kilicho moyoni na haikuwekwa kwa ajili ya kulainisha mahusiano ya kazini, na likawataka wakubwa wa kampuni wawaambie wanawake wao wa ofisini kwamba hawalazimiki. Sahihi ilikuwa ya Jérôme Chouchan, mkuu wa Godiva nchini humo.

Wengi walishangilia. Wengine walikumbusha kwamba Godiva haiuzi chokoleti za giri, kwa hiyo haikuwa na cha kupoteza. Kampuni ya Yuraku Seika, inayotengeneza Black Thunder, kipande cha chokoleti na biskuti cha bei ya chini kabisa, ilijibu kwa utulivu kwamba kila nyumba ina mambo yake. Tangu 2013 yenyewe ilikuwa ikijitangaza kama chokoleti ambayo ukiitazama tu unajua ni ya giri. Nadhani hoja hiyo ina busara kuliko inavyoonekana. Kitu cha bei rahisi kabisa, ambacho hakuna anayeweza kukielewa vibaya, kinampa mtoaji amani na kinampunguzia mpokeaji deni.

Vyovyote iwavyo, giri-choko ilikuwa tayari inapungua. Ofisi kadhaa zimekataza, nyingine kwa kuona kwamba inaweza kuwa unyanyasaji. Miaka ya korona watu walifanya kazi nyumbani, na meza zilipokosa watu hapakuwa na mahali pa kuweka kifuko; waliporudi, wengi hawakuirudisha desturi hiyo. Nafasi yake imechukuliwa na majina mapya: tomo-choko, ya marafiki wa kike kupeana wao kwa wao, gyaku-choko, ya kinyume, ambapo mwanamume ndiye anampa mwanamke, ambayo Morinaga iliisukuma mwaka 2009 kwa maboksi yenye maandishi yaliyogeuzwa kama kwenye kioo, na jibun-choko, ya kujinunulia mwenyewe. Hii ya mwisho ndiyo iliyokua kuliko zote. Maonyesho ya Salon du Chocolat, yaliyoanza Tokyo mwaka 2003, na lile la duka la Takashimaya mjini Nagoya hujaa wanawake wanaopanga foleni ili kununua kazi ya fundi fulani, kuipeleka nyumbani na kuila wenyewe. Ukifikiria orodha ile ya majina ya ofisini, unaona safari ndefu imetembewa.

Na kakao yenyewe? Sehemu kubwa inayoingia Japani hutoka Ghana, hata kampuni ya vitamu ya Lotte tangu 1964 inauza chokoleti yenye jina hilohilo la Ghana ndani ya karatasi nyekundu. Machi 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, kutokana na mavuno mabaya Ghana na Ivory Coast, na msimu wa Februari uliofuata maduka ya Japani yakatanguliza biskuti na keki zinazotumia chokoleti kidogo. Kwetu pia kuna uzi: kampuni ya Dandelion Chocolate ya Marekani, iliyofungua duka Kuramae, Tokyo, mwaka 2016, imekuwa ikitengeneza chokoleti kwa kakao ya kampuni ya Kokoa Kamili, kutoka bonde la Kilombero mkoani Morogoro.

Basi turudi kwa yule kijana na kifuko chake. Ashukuru pale pale, kwa maneno machache, bila kumfanya dada yule arudi nyuma kwa aibu. Aandike mahali nani alimpa, maana mwezi ni mrefu na nyuso ni nyingi. Asirudishe fedha, wala kitu kikubwa mno, kwa sababu hicho kitazaa deni lingine na maswali mengine. Boksi dogo la biskuti linatosha. Kahawa ya nyumbani nayo hupokelewa kwa furaha, ikiwa imefungwa vizuri, maana kifungio huangaliwa kama kilichomo. Mashimalo ayaache. Machi 14 ikiangukia Jumamosi au Jumapili, atoe Ijumaa. Na kama waliopewa na dada huyo ni wanaume wanne wa idara moja, wachange wanunue boksi moja zuri, kisha mmoja wao alipeleke kwa niaba ya wote.